Chati ya mtawanyiko imekaa vibaya: anza na seli, rangi baadaye

Mtu akiona chati yake ya mtawanyiko (scatter, yenye nukta zinazowekwa kwa thamani za X na Y) haieleweki, kwa kawaida hukimbilia rangi, ukubwa wa herufi na mistari ya gridi. Mara nyingi kosa haliko huko. Liko kwenye seli: programu imeusoma mhimili wa X kama maneno, au imechukua safuwima isiyo yake, au namba moja imeingia na koma mahali pasipotakiwa. Ukipamba chati kabla ya kuhakikisha data, utapamba uongo.

Hatua zilizo hapa ni za Excel kuanzia toleo la 2013, LibreOffice Calc na Google Sheets. Kompyuta nyingi maofisini na vyuoni Uganda zina menyu za Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwa majaribio, andika jedwali hili kuanzia seli A1. Ni miji 11, imepangwa kutoka kaskazini kwenda kusini:

Mji | Longitudo | Latitudo
Arua | 30.91 | 3.02
Gulu | 32.30 | 2.77
Soroti | 33.61 | 1.71
Mbale | 34.18 | 1.08
Fort Portal | 30.27 | 0.66
Jinja | 33.20 | 0.44
Kampala | 32.58 | 0.35
Entebbe | 32.46 | 0.05
Masaka | 31.73 | -0.34
Mbarara | 30.65 | -0.61
Kabale | 29.99 | -1.25

Uzuri wa data hii ni kwamba jibu lake unalijua tayari. Longitudo ikiwa X na latitudo ikiwa Y, chati inatakiwa kutoa ramani: Arua juu kushoto, Mbale kulia, Kabale chini kabisa kushoto. Kabale ikitokea kwingine, kuna kosa, na huhitaji kukokotoa chochote ili kulijua.

Dalili: nukta zimepangwa kwa nafasi sawa, na mhimili wa X unasoma 1, 2, 3, 4

Hii ndiyo hitilafu kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopita bila kugunduliwa. Kwa jedwali letu utaona nukta zikiteremka kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Arua imepewa 1, Gulu 2, hadi Kabale 11. Programu imeshindwa kusoma longitudo kama namba, ikaamua kutumia nafasi ya kila mstari. Mtu asiyejua angeweza kuandika ripoti nzima kuhusu "mwelekeo wa kushuka" ambao haupo.

Chanzo cha kwanza ni kuchagua seli A1 hadi C12 zote pamoja. Excel huchukua safuwima ya kwanza kuwa X, na hapo ni majina ya miji. Utaitambua hali hii kwa sababu vitatokea vikundi viwili vya nukta: kimoja juu kati ya 30 na 34, kingine chini karibu na sifuri. Dawa ni kuchagua B1 hadi C12 tu, kisha Insert, kisha Scatter. Majina ya miji yataingia baadaye kama lebo.

Chanzo cha pili ni namba zinazofanana na namba lakini ni maandishi. Katika Excel, seli moja tu ya X yenye maandishi inatosha kuufanya mfululizo wote (series, yaani kundi zima la nukta) usomwe 1, 2, 3, hata kama zile nyingine kumi ni safi. Pima hivi katika seli tupu:

=COUNT(B2:B12)
=COUNTA(B2:B12)

Ya kwanza huhesabu namba peke yake, ya pili huhesabu kila seli isiyo tupu. Ukipata 10 na 11, kuna seli moja mbovu. Ili kuijua ni ipi, andika =ISNUMBER(B2) kwenye safuwima ya pembeni na uiburute hadi mwisho; penye FALSE ndipo pabaya. Katika Calc kuna njia ya haraka zaidi: bonyeza Ctrl+F8. Namba huwa za buluu, maandishi meusi, fomula kijani. Bonyeza tena kurudisha rangi za kawaida.

Sasa, seli imeharibikaje? Kuna njia tatu, na kila moja ina dawa yake.

Kipimo kimeandikwa ndani ya seli. Fomu za mashambani zimejaa "60 kg", "ekari 2", "1190 m". Futa kipimo kwa Ctrl+H (tafuta na ubadilishe), kisha ukirudishe kama sura ya namba tu: Ctrl+1, Custom, andika #,##0" m". Seli itaonyesha 1,190 m lakini ndani yake itabaki 1190, na chati itaisoma.

Seli ziliwekwa kwenye mtindo wa maandishi kabla ya data kuingia, au namba zina alama ya ' mbele yake. Katika Excel chagua safuwima, nenda Data, Text to Columns, bofya Finish bila kubadilisha kitu. Katika Calc kwanza rudisha mtindo kuwa Number, kisha Ctrl+H, washa Regular expressions, tafuta .+ na badala yake weka &. Inaonekana kama mazingaombwe, lakini kinachofanyika ni kuiandika upya kila seli, na safari hii inaandikwa kama namba.

Data imenakiliwa kutoka ukurasa wa intaneti au PDF ikaja na nafasi isiyokatika (non-breaking space). Jicho haliioni, na TRIM peke yake haiiondoi. Tumia:

=VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),"")))

kisha nakili matokeo na ubandike kama thamani juu ya safuwima ya zamani. Katika Calc weka UNICHAR badala ya CHAR.

Dalili: nukta zote zimesongamana ukutani, moja iko mbali peke yake

Huyo wa mbali ndiye mshukiwa. Wakati mwingine ni kidole tu: 11900 badala ya 1190. Lakini kwa wanaofanya kazi mipakani na kubadilishana faili na wenzao wa Bunia au Goma, kuna chanzo kingine. Kompyuta yenye mpangilio wa Kifaransa hutumia koma kama alama ya desimali. Longitudo iliyoandikwa 32,583 ikifunguliwa kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kiingereza husomwa elfu thelathini na mbili, mia tano themanini na tatu. Mhimili unanyooka hadi 35,000, na miji mingine yote inabanwa kwenye ukuta wa kushoto kana kwamba ni nukta moja.

Usirekebishe kwa kubadilisha kikomo cha mhimili. Utakuwa umeificha nukta, hujaisahihisha. Rudi kwenye faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), iingize upya kwa Data, kisha From Text/CSV, bofya Transform Data, na kwa safuwima za namba uchague Change Type, Using Locale, kisha Kifaransa. Calc hukuuliza lugha kwenye dirisha la kuingiza; hapo weka Kifaransa. Kama maandishi yenye koma tayari yako ndani ya Excel, Text to Columns ina kitufe cha Advanced kwenye hatua ya tatu, na hapo unaieleza programu kwamba koma ndiyo desimali.

Dalili: hakuna kosa kwenye data, lakini nusu ya chati ni tupu

Hapa ndipo mipaka ya mhimili inapohusika kweli. Excel ina kanuni yake: tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo ikizidi takriban moja ya sita ya ile kubwa, mhimili huanzia 0. Chukua wastani wa joto wa nyuzi 17 hadi 24. Tofauti ni 7, moja ya sita ya 24 ni 4, basi mhimili unaanzia 0 na sehemu kubwa ya chini inabaki wazi. Longitudo zetu zina tofauti ya 4.19 tu dhidi ya 5.7, ndiyo maana Excel haikuzianzisha kwenye 0.

Bofya mara mbili namba za mhimili, au uuchague na ubonyeze Ctrl+1. Chini ya Bounds andika Minimum 15 na Maximum 26, na Major (umbali kati ya alama za mhimili) weka 1 au 2. Katika Sheets ni Customize, kisha Vertical axis, kisha Min na Max. Wapo watakaokwambia kwamba mhimili usioanzia sifuri ni udanganyifu. Hilo ni kweli kwa chati ya nguzo, kwa sababu pale jicho linapima urefu wa nguzo. Kwenye mtawanyiko jicho linapima mahali nukta ilipo, kwa hiyo kata bila wasiwasi, mradi namba za mhimili zisomeke.

Jihadhari na jambo moja: ukishaandika kikomo kwa mkono, kinabaki hapo. Mwezi ujao ukiongeza data yenye nyuzi 28, nukta hiyo haitaonekana kabisa na hakuna onyo lolote. Kwenye Excel, neno Reset likionekana kando ya kikomo badala ya Auto, jua kimefungwa.

Dalili: Uganda imelala upande au imetanuka

Arua ikionekana chini kulia na Mbale iko juu, X na Y zimebadilishana. Njia rasmi ni kubofya chati kwa kitufe cha kulia, Select Data, Edit, na kubadilisha visanduku viwili. Njia fupi katika Excel ni kubofya nukta yoyote na kutazama mwambaa wa fomula:

=SERIES(Sheet1!$C$1,Sheet1!$B$2:$B$12,Sheet1!$C$2:$C$12,1)

Kipande cha kwanza ni jina, cha pili ni X, cha tatu ni Y, cha nne ni mpangilio. Badilisha B na C papo hapo, bonyeza Enter.

Ikiwa miji iko mahali pake lakini nchi inaonekana pana kama mkeka, ni vipimo vya mihimili. Karibu na Ikweta digrii moja ya longitudo na moja ya latitudo zote ni takriban kilomita 111, hivyo mihimili miwili inapaswa kubeba idadi sawa ya digrii. Weka X kutoka 29.5 hadi 35 na Y kutoka -1.5 hadi 4. Kila upande ni 5.5. Kisha vuta eneo la ndani la chati, si fremu ya nje, hadi liwe mraba.

Dalili: namba za mhimili wa X zinapita katikati ya nukta

Hutokea kila Y inapokuwa na thamani hasi. Masaka, Mbarara na Kabale ziko kusini mwa Ikweta, na Excel huchora mhimili wa X pale Y inapokuwa 0, pamoja na namba zake. Wengi huhamisha mhimili wote chini kwa kubadilisha Horizontal axis crosses kuwa -1.5. Inafanya kazi, lakini kuna njia nzuri zaidi: chagua mhimili wa X, Ctrl+1, Labels, kisha Label Position weka Low. Namba zinashuka chini, mstari unabaki palepale. Na katika chati hii mstari huo ndio Ikweta yenyewe, ile inayoukata mji mdogo wa Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka. Kuufuta ingekuwa hasara. Katika Calc, fungua mhimili, kichupo cha Positioning, Place labels, chagua Outside start.

Dalili: mistari inakatizana kama utando wa buibui

Ulichagua aina yenye mistari, na Excel huunganisha nukta kwa mfuatano wa jedwali, si kwa mfuatano wa X. Badilisha kwa Change Chart Type hadi aina yenye nukta peke yake. Kama mstari unahitajika kweli, panga data kwa X kwanza. Mistari laini iepuke: hupanda na kushuka kati ya nukta na kuonyesha thamani ambazo hakuna aliyezipima.

Dalili: nukta zimezama kwenye sifuri bila sababu

Angalia fomula zinazorudisha "" pale data inapokosekana. Kwa macho seli ni tupu, kwa programu ni maandishi. Ikiwa upande wa Y, Excel huichora kama 0. Ikiwa upande wa X, tunarudi kwenye ile ngazi ya 1, 2, 3. Andika =IF(D2="",NA(),D2/E2). #N/A inachukiza kwenye jedwali lakini chati inairuka.

Dalili: lebo zinaonyesha namba, nawe unataka majina ya miji

Bofya nukta, ongeza Data Labels, kisha Format Data Labels. Weka tiki kwenye Value From Cells, chagua A2 hadi A12, na uondoe tiki ya Y Value. Katika Sheets fungua Setup, bofya vidoti vitatu kando ya mfululizo, chagua Add labels, kisha safuwima A. Kampala na Entebbe zitagusana: bofya lebo ya Entebbe mara mbili polepole ili ichaguliwe peke yake, kisha iweke Below au Left.

Mwenzako akifungua faili akaona neno [CELLRANGE] mahali pa kila mji, Excel yake ni ya kabla ya 2013. Mpelekee PDF.

Dalili: tarehe kwenye X zimegeuka 45292, au mlinganyo wa mstari wa mwelekeo hautoi jibu sahihi

45292 ni Januari 1, 2024. Lahajedwali huhifadhi tarehe kama idadi ya siku. Kuirudisha sura ni rahisi: Ctrl+1 kwenye mhimili, Number, Date. Alama za mhimili zikiangukia siku za ajabu, weka Major kuwa 7 kwa wiki. Kwa miezi hakuna namba inayokaa sawa, maana miezi hailingani urefu. Hapo tumia chati ya mistari yenye mhimili wa tarehe. Tarehe za kuanzia 13 zikigoma huku zile za 1 hadi 12 zikikubali, kompyuta inasoma mwezi kwanza. Na zile zilizokubali usiziamini pia: 03/04/2024 imeingia kama Machi 4. Badilisha mpangilio wa eneo uwe wa kuanza na siku, kisha uingize data upya.

Mlinganyo ni suala zito zaidi. Kwa kawaida joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Tuseme mstari wako wa mwelekeo (trendline) umetoa y = -0.0065x + 29.5, y ikiwa joto na x mwinuko kwa mita. Ukiweka x ya Kampala, takriban mita 1,190, unapata nyuzi 21.8, jambo la kuaminika. Sasa mtu akiweka lebo hiyo kwenye desimali mbili ili ipendeze, itasomeka -0.01x, na kwa mita zilezile jibu ni 17.6. Mstari haujasogea hata kidogo, ni maandishi tu yaliyokatwa, lakini zaidi ya nyuzi nne zimepotea. Bofya lebo ya mlinganyo, Number, Scientific yenye desimali 4 au zaidi. Afadhali zaidi, usinakili kutoka kwenye chati; tumia =SLOPE(C2:C12,B2:B12) na =INTERCEPT(C2:C12,B2:B12), ukikumbuka kwamba Y hutangulia. X ikiwa tarehe, tengeneza safuwima ya siku tangu mwanzo, =A2-$A$2, vinginevyo kila hitilafu ndogo ya desimali itazidishwa na elfu arobaini na tano.

Dalili: shilingi zinajaza mhimili, na nukta ndogo hazionekani

5,000,000 ina tarakimu nyingi mno kwa mhimili. Chini ya Number weka mtindo 0.0,," mil." na itasomeka 5.0 mil. Kila koma moja hugawanya kwa elfu. Kama miamala inaanzia shilingi 500 hadi milioni kadhaa, ile midogo itabanwa sakafuni hata ufanye nini. Weka tiki kwenye Logarithmic scale. Thamani za 0 na hasi haziwezi kuchorwa kwenye mizani hiyo, kwa hiyo zihesabu kwanza na uzitaje kwenye maelezo.

Dalili: mamia ya nukta yamekuwa doa moja

Punguza ukubwa wa alama hadi 3 au 4, ondoa mpaka wake, na Transparency ya Fill iwe karibu asilimia 70. Penye msongamano patakuwa peusi zaidi. Kama X ni namba kamili, kwa mfano idadi ya ekari, nukta hulala moja juu ya nyingine. Zitikise kidogo: =B2+(RAND()-0.5)*0.3, kisha bandika kama thamani, maana RAND hubadilika kila unapogusa faili. Mlinganyo ukokotoe kwa data asili.

Dalili: makundi hayatofautiani

Kahawa ya Arabika ya Elgon na Robusta ya kandokando ya Ziwa Victoria ziko kwenye safuwima moja, na unazipaka rangi nukta kwa nukta. Acha. Tengeneza safuwima mbili: =IF($D2="Arabika",$C2,NA()) na nyingine ya Robusta. Kila safuwima inakuwa mfululizo wake, na kisanduku cha maelezo (legend) kinajitengeneza.

Kabla hujapeleka faili kuchapishwa Nasser Road jijini Kampala au kokote, toa nakala moja nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani hugeuka kijivu kilekile kwenye fotokopi. Tofautisha kwa umbo: duara tupu kwa kundi moja, pembetatu iliyojaa kwa jingine. Na ukihamishia chati kwenye Word, chagua Keep Source Formatting wakati wa kubandika, au Picture kama hutaihariri tena. La sivyo waraka utaipaka rangi zake.